Kutu Kwenye Kifua cha Munandi

Habari hii nilipewa na Mama Célestine, yule anayekausha samaki kwa moshi nyuma ya soko, juma lililofuata Pasaka, siku mvua ilipotufungia jikoni kwake kutoka asubuhi mpaka saa kumi. Sehemu moja aliiona kwa macho yake. Nyingine aliipata kwa mudogo wake, Inspekta Joëlle wa polisi, maana wanakaa nyumba moja. Pale alipokuwa hajui, alisema hajui, na mimi pia nitasema hivyo.

Ilikuwa juma la mwezi mukubwa. Anayetoka mbali ajue kwamba wavuvi wetu wanavua ndakala, samaki wadogo kama dagaa, usiku kwa taa, na mwezi ukijaa ndakala hawafuati taa tena, kwa sababu ziwa lote linang'aa. Basi pirogi, mitumbwi yetu, zinavutwa muchangani, nyavu zinatandikwa, na wanaume wanakaa wakishona matundu na kubishana mambo ya mupira. Ni siku za kupumzika. Na katika siku hizo za kupumzika, minandi walianza kufa.

Munandi ni yule ndege mweusi wa shingo ndefu na kifua cheupe, anayezama majini kufuata samaki, kisha anasimama juu ya jiwe na kufungua mabawa kama muntu anayeanika koti. Wetu wanalala Jiwe Jeupe, kisiwa kidogo kisicho na muti hata mumoja, nusu saa ya kupiga kafi kutoka ufukweni. Jiwe lenyewe ni jeusi. Ni mavi ya ndege njo yamelifanya jeupe.

Siku ya kwanza maji yalileta minandi saba waliokufa. Siku ya pili kumi na mumoja, na bata-maji mumoja katikati yao. Siku ya tatu hakuna mama aliyeuza samaki sokoni, hata wa juma lililopita, hata aliyekauka kama ubao. Watu walisema ni sumu. Walisema kuna muntu anamwaga dawa majini ili aokote samaki bila jasho, na kesho watoto wetu watafuata ndege.

Tangu siku ya pili kinywa cha watu kilikuwa kimemuangukia Norbert. Norbert alikuwa ametoka upande wa Baraka miaka sita iliyopita, na muke wake Abigaël, na sauti nzito ambayo kwaya yao ilikuwa inajivunia. Mara mbili katika juma lile alionekana Jiwe Jeupe muchana kweupe, siku ambazo hakuna muvuvi anayegusa maji. Ndani ya pirogi yake polisi walikuta bido ya njano, dumu la plastiki. Walipofungua kifuniko, yule aliyefungua akaenda kutapika. Walimuuliza Norbert kitu gani kile, akasema ni kitu chake. Walimuuliza tena, akatazama miguu yake. Basi siku ile ile wakamuvua mukaba, wakamutia kasho, chumba cha kufungia watu.

Sasa ilikuwa asubuhi ya siku ya nne, na Papa Ghislain wa serivisi ya mazingira alikuwa ameshapigisha karatasi kwenye mashini. Ufukwe ungefungwa siku arobaini, pirogi ya Norbert ingekamatwa, na yeye mwenyewe angepelekwa parke, kwa waendesha mashitaka. Jioni ile ile njo ilikuwa jioni ya kwanza ya taa kurudi ziwani. Jamaa zaidi ya hamsini walikuwa wanangoja kujua kama watashusha pirogi ao watazigeuza juu chini.

Joëlle alimuuliza Ghislain atatia sinyatire saa ngapi.

"Saa tisa," Ghislain akasema. Hakuwa muntu mubaya. Alikuwa muntu wa saa. "Kama una mwengine, niletee. Kama hauna, nina huyu."

Joëlle akaomba gunia, akachukua minandi wane na bata-maji, akawabeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Célestine alipoona kilichomo ndani ya gunia alisimama kwenye mulango wa jiko na mwiko mukononi, akasema kitu kile hakivuki pale. Basi wakafanya kazi nje, juu ya majani ya migomba. Hawa dada wawili walilelewa na mama aliyefuga bata na kuuza waliokwisha kunyonyolewa, na Joëlle alijua kufungua ndege kabla ya kujua kusoma. Alianza na koo. Akavuta samaki muzima, hata magamba hayakuwa yamelegea. Akanusa. Akamupa Célestine anuse, Célestine akasema ni samaki, angekuwa na jina gani lingine.

Wakamuweka samaki kando ya jani. Hawakumuona paka. Paka wa Célestine anaitwa Direktere, kwa sababu anakuja saa anayotaka na anakula cha wengine, na siku ile alikuja saa yake. Walipogeuka, samaki alikuwa amebaki mukia.

"Basi umeniulia paka," Célestine akasema.

Joëlle akatazama saa. Akasema watamungoja nusu saa, na kama ni sumu watajua.

Walipokuwa wanamungoja Direktere afe, Joëlle akapasua kifua cha ndege wa pili na kukamua mapafu kwa vidole. Yakatoa maji, maji mengi. Akageuza shingo, akapuliza manyoya yaachane. Chini yake ngozi ilikuwa na mustari mwembamba kama ulioachwa na uzi. Mustari mwengine ulipita kwenye kiungo cha bawa. Ndege wane wote walikuwa na mustari huo. Bata-maji naye alikuwa nao, kwenye muguu.

Tena kulikuwa kitu kingine. Minandi wawili walikuwa na alama nyekundu kifuani, ndefu kama kidole, juu ya yale manyoya meupe. Polisi kwenye ufukwe walikuwa wameandika damu. Joëlle akaloweka kitambaa, akasugua. Damu ya siku mbili ingelainika na kutoka. Hii ilibaki, ikaacha unga-unga kwenye kitambaa. Akaweka kitambaa puani, kisha akamupa dada yake mukubwa, Yaya kama anavyomuita.

"Hii inanuka kama sufuria yako ya zamani."

"Kutu," Célestine akasema.

"Ni kutu. Hawakula kitu kibaya, Yaya. Walizama."

Célestine akacheka mpaka akakaa chini. Akasema munandi kuzama ni sawa na kusema samaki amezama. Joëlle akamungoja amalize, kisha akasema munandi anaweza kuzama kama kule chini kuna kitu kinamushika na kinakataa kumuachilia. Hicho kina uzi mwembamba, na kina chuma.

Direktere aliamuka, akajinyosha, akaja kuuliza kama kuna mwengine.

Saa nne na nusu Joëlle alikuwa ufukweni. Alimutafuta Papa Patrice, kapita, musimamizi wa pirogi tatu, muzee wa mikono mipana ambaye wote wanamuheshimu kwa sababu hasemi neno mara mbili. Hakumuambia anatafuta nini. Alimuomba tu amutembeze kwenye nyavu zilizotandikwa. Kila wavu ulikuwa na vizito vya udongo wa kuchoma, ao mawe yaliyotobolewa, na maboya yaliyokatwa ndani ya kambambili za zamani, zile ndara za mupira. Patrice aliweza kusema wavu wa nani kwa kutazama rangi ya kambambili. Huu wa bluu ni wa Papy, mwenye huu mwekundu alikata kambambili za muke wake naye akalala nje siku mbili.

Joëlle akauliza ni nani anaweka chuma.

"Hakuna. Chuma kinashika kutu, kutu inakula uzi. Muvuvi gani atalisha wavu wake kwa kutu?"

"Na kutega karibu na Jiwe Jeupe?"

Patrice akamutazama kama muntu aliyeuliza kwa nini hawalimi muhogo ndani ya kanisa. Akaeleza polepole kwamba munandi anawinda muchana, karibu na makao yake, na anafuata samaki chini kwa macho. Wavu ukiwa pale muchana, samaki anashikwa, munandi anamuona samaki, munandi anashikwa. Masaa mawili tu wavu umejaa ndege badala ya samaki, na umepasuka. Baba yake alimufundisha hivyo kabla ya kumufundisha kuogelea.

Joëlle akamushukuru, akarudi komisaria kwa miguu. Njiani alipanga vitu vyake. Aliyefanya hivi alikuwa na wavu, lakini kazi ya wavu hakuijua. Alikuwa na chuma nyingi karibu. Na Norbert, kama angekuwa yeye, asingetega pale hata akiwa amelewa. Lakini Norbert alikuwa pale mara mbili. Alienda kutafuta nini, na aliona nini?

Alimutoa Norbert kasho, akamukalisha uani, kwenye benchi. Norbert alikuwa anashika suruali kwa mukono mumoja. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema mule ndani wako kumi na wanne na nafasi ya kulala ni ya tisa, yeye amesimama siku tatu.

"Papa Norbert," Joëlle akasema, "ndege hawakufa na sumu. Mimi najua hivyo, na paka wa dada yangu anajua. Sasa niambie bido ni ya nini, usiwe mujinga."

Norbert akatazama mulango, akatazama ukuta. Akauliza kama yule polisi wa mulangoni anaweza kusikia. Joëlle akamutuma polisi kuleta maji.

"Ni mavi," Norbert akasema kwa sauti ya kwaya iliyoshushwa chini kabisa.

"Mavi."

"Ya ndege. Ninakwangua kule kwenye jiwe, ninatia maji, ninaacha yaoze. Ni ya tomati za Abigaël. Mama Inspekta, ukiziona hizo tomati." Alionyesha kwa mukono uliokuwa huru, na ukubwa alioonyesha Joëlle hakuuamini. "Lakini wenzangu wa pirogi wakijua, jina langu halitakuwa Norbert tena. Wewe unawajua. Nitaitwa hivyo mpaka kaburini, na watoto wangu wataitwa hivyo."

"Basi ulikubali kasho."

"Nilifikiri ni ya siku moja."

Joëlle hakucheka, Célestine anasema alicheka baadaye, nyumbani, mpaka machozi. Pale alimuuliza tu ni nani mwengine aliyekuwa Jiwe Jeupe.

Norbert akafikiri. Kulikuwa chupa nyeupe za plastiki, tano ao sita, zinaelea kwa mustari. Alizihesabu kuwa takataka. Na kulikuwa muzee mumoja ndani ya kipirogi kipya cha rangi ya kijani, anapiga kafi vibaya, upande mumoja tu, mpaka pirogi inazunguka. Hakumujua. Alivaa kofia yenye ukingo mugumu. Siku zote mbili alikuja saa ile ile.

"Saa ngapi?"

"Saa tano na robo. Siku ya kwanza nilisikia kengele ya masomo, muzee akatokea. Siku ya pili nikasikia kengele, nikageuka kutazama, naye akatokea. Ungeweza kufungulia saa yako kwake."

Joëlle akasimama. Polisi alikuwa amerudi na maji. Akamuambia amupe Norbert yote na amuache kwenye benchi, asimurudishe ndani.

Katika muji wetu kuna watu ambao hata pansio ya uzeeni haikuwaondolea saa mwilini, na kuna mahali ambapo chuma cha zamani ni kingi kuliko mawe. Ni mahali pamoja. Joëlle alipanda mpaka zile nyumba za matofali za watu wa gari la moshi, kule juu, ambako upepo wa ziwa unafika lakini habari za ufukwe zinachelewa. Hakuuliza habari ya wavu. Aliuliza mama mumoja aliyekuwa anapepeta unga, ni nani wa hapa amejifunza uzeeni kupenda ziwa. Yule mama akaonyesha kwa kidevu nyumba ya tatu, akasema ni Papa Apollinaire, aliyeendesha treni miaka thelathini na moja, na sasa anaendesha kitu kisicho na breki.

Papa Apollinaire alikuwa amekaa kivulini mbele ya nyumba, kofia ya kazi kichwani, wavu juu ya magoti. Vidole vyake vitatu vilikuwa vimefungwa vitambaa. Chini ya wavu, kamba yote ilikuwa na misumari minene ya reli, ile ya kuzungusha ndani ya mbao, kila mumoja umefungwa kwa fundo zuri sana. Yote ilikuwa na kutu.

Joëlle akasalimia kama inavyotakiwa, akapewa kiti, akauliza habari ya vidole.

"Ndege," muzee akasema. "Wana midomo mibaya."

Wala hakujaribu kuficha. Alieleza kila kitu kwa mufululizo, kama muntu anayetaja stasio. Muke wake Mamie alikufa mwaka uliopita na nyumba ikawa kimya. Akanunua pirogi na wavu. Alichagua juma la mwezi mukubwa kwa sababu wavuvi wote wako nchi kavu, hakuna atakayemuona anavyopiga kafi na kumucheka. Alichagua Jiwe Jeupe kwa sababu alifikiri palipo na ndege wengi pana samaki wengi, na kwa hilo alikuwa na haki. Lakini kila alipovuta wavu, walikuwa ndege. Wengine wazima, akawafungua nao wakamukata. Wengine walikuwa wamelegea. Hao aliwaweka juu ya maji polepole, mumoja mumoja, akifikiri wakipumzika wataruka.

"Hawakuruka, Papa."

"Nilianza kufikiri hivyo," Apollinaire akasema. "Ndiyo sababu jana sikwenda, na leo sikwenda."

Ndipo Joëlle akamuambia habari ya sumu, ya soko, ya karatasi ya saa tisa, na ya Norbert aliyesimama kasho siku tatu. Muzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa saa mufukoni, akaitazama. Ilikuwa saa nane na dakika kumi na mbili.

"Kutoka hapa mpaka biro ya mazingira ni dakika ishirini na sita," akasema, "kwa muntu anayebeba wavu." Akainuka, akanyosha kofia, akatia wavu begani na misumari yake yote, ikilia ngili-ngili.

Walifika saa nane na dakika thelathini na nane. Kalamu ya Papa Ghislain ilikuwa imelala juu ya karatasi. Aliwatazama, akatazama wavu. Célestine, ambaye alikuwa amekuja na gunia la ndege akifuata neno la mudogo wake, alisimama nyuma akifunga pua. Papa Apollinaire akasema kosa ni lake. Ghislain akasema muntu muzima anaweza kukubali kosa lisilo lake kwa huruma, na wavu ni wavu, hausemi.

Joëlle akatandika wavu juu ya meza, akamulaza munandi juu yake. Akavuta tundu moja la wavu kwenye shingo: uzi ukaingia ndani ya mustari kama ufunguo. Akavuta la pili kwenye bawa, likaingia. Musumari mumoja, ukining'inia kwenye kamba yake, ukaanguka wenyewe kwenye kifua, juu ya ile alama nyekundu, urefu kwa urefu. Akachukua munandi wa pili, akafanya vile vile. Alipotaka kuchukua wa tatu, Ghislain akainua mukono.

"Inatosha. Ninakula hapa."

Bado akauliza habari ya bido, kwa sababu ilikuwa ndani ya ripoti. Joëlle akasema bido ni ya mambo ya bustani, na yeye, ofisa wa polisi judisieri, anaweka jina lake chini ya neno hilo, na kama Papa Ghislain anataka kujua zaidi, afungue kifuniko mwenyewe. Ghislain alikuwa amesikia habari ya yule polisi aliyetapika. Akaandika: bustani. Kisha akakunja ile karatasi mara mbili, akaifungia ndani ya meza.

Papa Apollinaire alipewa adabu ya kuondoa chuma yote kwenye wavu wake na kutokaribia Jiwe Jeupe. Akaomba ruhusa ya kuongeza moja kwa mapenzi yake, akashuka mpaka komisaria. Norbert alikuwa bado kwenye benchi. Muzee akavua kofia mbele yake, akasema jina lake na kazi aliyoifanya na kosa alilolifanya, akangoja. Norbert akasogea kumupa nafasi kwenye benchi.

"Papa," akasema, "unapiga kafi upande mumoja."

"Najua."

"Kuja Jumatatu. Nitakuonyesha upande mwengine."

Papa Patrice, aliposikia, alituma vizito ishirini vya udongo kule juu. Kambambili, alisema aliyevileta, Papa ajitafutie.

Saa kumi na moja ufukwe ulikuwa umejaa. Taa zilikuwa zinasafishwa, pirogi zinashushwa, watu wanaitana, na wamama wameleta mabeseni mapema ingawa ndakala watakuja asubuhi tu. Jamaa wa pirogi ya Norbert walisema yeye apumzike usiku huu, watamuwekea fungu lake. Hakuna aliyeuliza bido. Joëlle alikuwa amewaambia polisi wote kwamba atakayeitaja ataiosha.

Joëlle alimaliza kuandika PV, ile ripoti ya polisi, akaweka muhuri, ndipo akaona mukaba. Ulikuwa umening'inia kwenye musumari nyuma ya mulango na kikaratasi cha jina. Norbert alikuwa ameondoka akishika suruali. Joëlle akauzungusha mukononi, akaenda nao mwenyewe.

Nyumba ya Norbert ilikuwa na mulango wazi. Pembeni, tomati zilikuwa zimefungwa kwenye miti, na zilikuwa kubwa kama alivyoonyesha. Joëlle alisimama akazitazama. Akabisha hodi. Hakuna jibu. Ndani, Norbert alikuwa ameegemea ukuta mbele ya sahani, tonge la bukari bado mukononi, amelala. Abigaël, aliyekuwa amepeleka chakula kasho mara mbili kwa siku kwa siku tatu, alikuwa amelala kwenye mukeka kando yake, na mutoto wao wa mwisho kwenye muguu wake, naye amelala.

Joëlle akaweka mukaba juu ya meza. Akataka kuondoka, lakini muntu haachi nyumba wazi na wenyewe wamelala. Akakaa kwenye kigoda cha mulangoni, mugongo kwenye mbao, angoje mumoja aamuke. Kutoka pale ziwa lilionekana lote. Minandi walikuwa wanarudi Jiwe Jeupe kwa mustari, chini-chini juu ya maji, na pirogi zilikuwa zinatoka. Akaanza kuhesabu ndege. Célestine anasema Joëlle alimuambia alifika ishirini na tatu. Baada ya hapo hajui, na mimi pia sijui, maana kichwa chake kilikuwa kimekwisha kuegemea mulango.